Kanda za Ninja Zisiachwe Zioze

Mwaka 1982, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipoanza kutoa kizazi kipya cha wanasesere wa kijeshi wa G.I. Joe, bajeti ya rangi ilikuwa imebana. Kila mwanasesere alihitaji kupakwa nywele, nyusi, mkanda na buti, na kila rangi ilikuwa gharama kiwandani. Mmoja wao akaachwa bila kupakwa chochote: plastiki nyeusi tupu kuanzia utosini hadi unyayoni, uso umefunikwa. Akaitwa Snake Eyes. Wakati huo hakuwa ninja, alikuwa komando tu. Ni Larry Hama, mwandishi wa hadithi za katuni za G.I. Joe katika kampuni ya Marvel, aliyemtungia maisha ya Japani, na katika toleo la 21 la mwaka 1984, ambalo halina hata neno moja la mazungumzo, akamletea Storm Shadow, ninja wa mavazi meupe. Mwanasesere aliyetokana na kubana matumizi akawa ninja anayefahamika kwa watoto wa Marekani kuliko jasusi yeyote aliyepata kuishi Japani.

Anayekusanya panga za samurai haulizwi sababu. Anayekusanya kanda za VHS, mabango ya sinema, majarida ya kareti, stika na wanasesere wenye vitambaa usoni huchekwa, eti ni mtu mzima aliyegoma kukua. Kicheko hicho hakina msingi. Samurai aliacha ngome, makaburi, barua na vyuma. Ninja aliacha kidogo mno, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupita bila kutambuliwa, akivaa kama mkulima, mchuuzi au mtawa. Kitabu kinachotegemewa sana kuhusu mbinu zake, Bansenshukai, kiliandikwa mwaka 1676, miongo kadhaa baada ya vita vikubwa vya Japani kumalizika. Yule wa gubigubi jeusi, anayeruka juu ya mapaa na kutoweka ndani ya moshi, amezaliwa jukwaani, kwenye picha za kuchora, kwenye vitabu vya bei nafuu, kwenye sinema na kwenye viwanda vya plastiki. Anayetupa vitu hivyo anatupa ushahidi wenyewe.

Na ushahidi huo unafuatika. Mchoraji Hokusai alimchora mtu mwenye nguo nyeusi akipanda kamba, katika juzuu la sita la michoro yake lililotoka mwaka 1817. Katika miaka ya 1910, vitabu vidogo vya Tachikawa Bunko vilivyochapishwa Osaka vilimfanya Sarutobi Sasuke kuwa kipenzi cha vijana. Mwaka 1962 studio ya Daiei ikatoa Shinobi no Mono, stelingi akiwa Ichikawa Raizo, na filamu hiyo ikazaa nyingine hadi zikafika nane. Miaka miwili baadaye makumbusho ya ninja yakafunguliwa mjini Iga, eneo ambalo majasusi wa kale walitoka kweli. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Mie, mkoa huohuo, kikaanzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa ninja, ambako hati za kale husomwa sambamba na tamthilia na riwaya. Wajapani hawakuona aibu kuyaweka hayo pamoja.

Nje ya Japani, nchi ya kwanza kushikwa na homa hiyo ilikuwa Australia. Tamthilia ya televisheni yenye ninja, Onmitsu Kenshi, iliyoitwa huko The Samurai, ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1964, na stelingi wake Ose Koichi alipozuru nchi hiyo mwishoni mwa 1965 alipokelewa na maelfu ya watoto. Kadi za kubadilishana zenye picha za tamthilia hiyo ziko mikononi mwa wakusanyaji hadi leo. Ni vipande vya karatasi nene tu, lakini vinaonyesha kwamba miaka 20 baada ya vita dhidi ya Japani, watoto wa Australia walikuwa wakimshangilia shujaa wa Kijapani barabarani. Vitabu vya historia ya diplomasia havilitaji jambo hilo kwa uzito unaostahili.

Kilele kilikuja Marekani katika miaka ya 1980. Waliochochea moto ni binamu wawili kutoka Israel, Menahem Golan na Yoram Globus, walioinunua kampuni ya Cannon mwaka 1979. Golan mwenyewe aliongoza Enter the Ninja (1981), iliyopigwa Ufilipino, stelingi akiwa Mwitaliano Franco Nero. Lakini macho ya watazamaji yalimwendea adui: Sho Kosugi, Mjapani aliyehamia Marekani, ambaye kila pigo lake lilikuwa la mtu aliyefunzwa kweli. Cannon wakasoma upepo. Katika Revenge of the Ninja (1983) Kosugi akawa stelingi, na mwaka uliofuata akaonekana kwenye televisheni pamoja na Lee Van Cleef katika The Master, iliyodumu vipindi 13 tu. Mwaka 1985 Cannon wakamweka Mmarekani Michael Dudikoff katika American Ninja.

Golan na Globus walikuwa na desturi inayopaswa kumvutia kila mkusanyaji wa mabango. Walikwenda kwenye soko la filamu la Cannes wakiwa na jina la filamu na mchoro wake, wakaiuza kwa wasambazaji wa nchi mbalimbali kabla kamera haijawashwa. Fedha hizo ndizo zilizolipia upigaji picha. Kwa hiyo bango la Cannon linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko filamu linayoitangaza, na mkusanyaji mwenye bango la mauzo ya awali ameshika mbegu ya filamu yenyewe.

Vitu hivi pia hueleza mambo ambayo filamu huyaficha. American Ninja 2 (1987) inadai kutokea kwenye kisiwa cha Karibi. Ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ulimwengu ukiwa umetangaza kuisusia serikali ya Pretoria kiutamaduni. Sehemu ya tatu nayo ikapigwa hukohuko. Wakati kamera za Cannon zinazunguka kusini, Tanzania ilikuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa ANC na shule yao ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu, Morogoro. Mtazamaji wa kawaida hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kutazama mapigano ya ufukweni. Picha za matangazo, orodha za wafanyakazi na karatasi za uzalishaji ndizo zinazotoa siri, na karatasi hizo zimebaki kwa sababu kuna watu waliozitunza kwenye majalada nyumbani kwao wakati hakuna maktaba iliyozitaka.

Hong Kong walikuwa na njia rahisi zaidi ya kutengeneza filamu za ninja. Kampuni ya IFD ya Joseph Lai, pamoja na mwongozaji Godfrey Ho, ilinunua filamu za nchi nyingine za Asia, ikapiga vipande vichache vya Wazungu waliovaa nguo za ninja, ikaviunganisha na kuweka sauti mpya ya Kiingereza. Katika Ninja Terminator (1985), Mmarekani Richard Harrison anapiga soga za kikazi kwa simu yenye umbo la paka Garfield. Harrison alijikuta kwenye filamu nyingi kuliko alizodhani amecheza. Filamu moja ilibadilishwa jina kila ilipovuka mpaka, na makasha ya kanda ya nchi tofauti ndiyo yaliyowasaidia wapenzi wa sinema kutambua kipande kipi kilitoka wapi. Kazi hiyo ya kulinganisha makasha kwa subira, herufi kwa herufi, ni utafiti halali hata kama aliyeifanya hana shahada.

Uingereza inatoa somo la aina nyingine. James Ferman, aliyeongoza bodi ya ukaguzi wa filamu ya nchi hiyo kuanzia 1975 hadi 1999, aliamini nunchaku, yale magongo mawili yaliyounganishwa kwa mnyororo, yatawafundisha vijana uhalifu. Mwaka 1979 matukio ya nunchaku yakakatwa kwenye Enter the Dragon ya Bruce Lee. Katuni za kobe ninja zilipowasili, neno ninja lenyewe likaondolewa na wakaitwa Teenage Mutant Hero Turtles. Katika filamu ya pili ya kobe hao, ya mwaka 1991, hata tukio la Michelangelo, mmoja wao, kuzungusha soseji kama nunchaku lilikatwa. Nyota za kurushia nazo zilipigwa marufuku kuuzwa kwa amri ya mwaka 1988. Leo mwanasesere mwenye kasha lililoandikwa Hero na mwenzake aliyeandikwa Ninja wakiwekwa kando kwa kando, hofu ya nchi nzima inasomeka kwenye kadibodi. Ukiwa na mmoja tu, huoni kitu.

Hapo ndipo soko la sasa linapopotosha. Mnamo Juni 2022, nyumba ya mnada ya Heritage ya Marekani iliuza kanda ya VHS ya Back to the Future, ambayo haijawahi kufunguliwa, kwa dola 75,000. Suti ya njano ya Bruce Lee kutoka Game of Death iliuzwa Hong Kong mwaka 2013 kwa takriban dola 100,000. Suti ina maana, kwa kuwa ilivaliwa na mtu mwenyewe na jasho lake. Kanda isiyofunguliwa ina maana gani? Haikutazamwa na mtu. Kampuni za kupima ubora huifungia ndani ya boksi gumu la plastiki, zikaipa alama, na kuanzia hapo haiwezi kuchezwa tena bila kupoteza thamani yake. Toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, ambalo Kevin Eastman na Peter Laird walilichapisha wenyewe mwaka 1984 nakala zipatazo 3,000 kwa fedha ambazo sehemu yake walikopa, sasa huuzwa likiwa limefungwa hivyohivyo, na kurasa zake hazifunuliwi.

Bei kubwa zina faida moja: zinawazuia watu kutupa. Lakini zinafundisha kwamba kitu kilichotumika ni kitu kilichoharibika, na kwa aina hii ya vitu mafundisho hayo yamekaa kichwachini. Toleo la Kung Fu Monthly, jarida la Felix Dennis la Uingereza la mwaka 1974 lililokuwa likikunjuliwa na kuwa bango la Bruce Lee, lilitengenezwa libandikwe ukutani. Nakala yenye matundu ya pini kwenye pembe zake imefanya kazi iliyotumwa. Kanda ya kukodisha yenye stika ya duka, bei ya siku moja na ombi la kuirudisha nyuma kabla ya kurejesha inaeleza uchumi mzima wa mtaa. Mkusanyaji anayeibandua stika hiyo ili kasha ling'ae amefuta nusu ya habari zake.

Ghana wameonja utamu na uchungu wa jambo hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vijana wenye deki, televisheni na jenereta walizunguka miji na vijiji wakionyesha filamu za kung fu, za ninja na za kutisha. Mabango ya kiwandani hayakuwepo, basi mafundi wa kuchora wakachora yao kwa rangi ya mafuta kwenye magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mara nyingine mchoraji hakuwa ameiona filamu, na damu, misuli na mapanga aliyoyaongeza yalizidi yaliyomo. Baadaye Mmarekani Ernie Wolfe aliyakusanya na kutoa kitabu Extreme Canvas mwaka 2000, na mabango yale yakaingia kwenye majumba ya sanaa. Yameokoka, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila Mghana anayetaka kuona mengi yaliyo bora kati yake sasa anahitaji viza.

Afrika Mashariki ina hazina yake, na bado haijaondoka kwa sababu bado hakuna mgeni aliyeitamani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi sinema zilivyokuwa moyo wa maisha ya miji ya Tanzania, Visiwani na Bara, na jinsi filamu za kung fu zilivyowavuta vijana katika miaka ya 1970. Majumba yalipodhoofika, deki zikashika zamu. Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994 tu, hivyo kabla ya hapo na hata baada yake kibanda cha video ndicho kilichokuwa sinema ya mtaa: mabenchi, pazia zito mlangoni, ubao nje ulioandikwa kwa chaki picha ya leo na stelingi wake.

Ndani ya vibanda hivyo akazaliwa msanii ambaye Hollywood haikumpanga: mtafsiri anayesimulia filamu nzima kwa sauti yake mwenyewe. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, Uganda wakawa na ma-VJ wao kama Jingo na Emmie. Wasanii hawa walifanya mengi kuliko kutafsiri. Walimpa adui jina la mtaani, wakaeleza desturi za Wachina kwa mifano ya uswahilini, wakamwonya stelingi kabla hajapigwa, wakaweka methali mdomoni mwa bwana mwenye ndevu nyeupe anayefundisha kung fu mlimani. Filamu ileile iliyouzwa dunia nzima ikawa kazi mpya ya Kiswahili, Sheng au Kiganda. Kanda yenye sauti ya Lufufu haipatikani kwenye katalogi ya mnada wowote wa Marekani, na kwa historia ya lugha hii ina uzito kuliko kanda mia za Enter the Ninja ambazo hazijafunguliwa.

Inatisha kuona jinsi vitu hivi vinavyopotea upesi. Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya Isaac Nabwana iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Nakala yake halisi isiyo na msimulizi haipo tena. Kompyuta ilijaa, na Nabwana alilazimika kuifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Kilichookoka ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie. Ikiwa filamu maarufu kiasi hicho, ya miaka ya karibuni, imenusurika kwa nakala ya msimulizi tu, hali ya kanda za mwaka 1990 zilizo kwenye magunia ya stoo inaweza kukisiwa.

Kanda ya VHS haikuumbwa kuishi. Chembe za sumaku zimegandishwa juu ya utepe kwa gundi inayofyonza unyevu, na gundi hiyo ikishachoka utepe hunata, hulia ndani ya deki na kuacha vumbi la kahawia kwenye vichwa vyake. Ukungu mweupe huota pembezoni mwa utepe, na kanda moja yenye ukungu ikichezwa inaambukiza deki, nayo deki inaambukiza kanda inayofuata. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa yenyewe ni adui. Mwaka 2019 UNESCO ilianzisha mradi wa kutoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, ikiutaja mwaka 2025 kuwa ukomo ambao baada yake kuzihamisha kwenda kwenye mfumo wa kidijitali kungekuwa kugumu mno. Mwaka huo umeshafika.

Wapo watakaosema kanda za vibandani zilikuwa za wizi, na taasisi ya umma haiwezi kutunza mali ya wizi. Pingamizi hilo ni la kweli na lina jibu. Kutunza si kuuza. Maktaba huhifadhi magazeti yaliyopigwa marufuku na vipeperushi visivyo na kibali, na hakuna anayedhani zinaunga mkono kosa. Nakala ya kusikilizwa na watafiti ndani ya jengo haimnyang'anyi mtu mapato, ilhali sauti ya msimulizi, ambayo ni kazi yake mwenyewe, haina nakala nyingine duniani. Wengine watasema ninja wa sinema aliwafanya Waasia wote waonekane wauaji wasio na uso. Ni kweli pia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvihifadhi vitu hivi, kwa sababu upotoshaji hauwezi kuchunguzwa baada ya kuchomwa moto.

Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inastahili kuwa ya kwanza kunyoosha mkono, maana kinachookolewa ni Kiswahili kilichosemwa kwa kasi na wasemaji mahiri. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam na yale ya Nairobi yana uwezo wa kupokea mbao za vibandani, mabango na majarida. Wenye stoo nao wana la kufanya hata kabla ya kuulizwa: kanda zisimamishwe wima juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wenye maji, zikiwa zimerudishwa mwanzo. Stika zibaki zilipo. Kila moja iwekewe kikaratasi cha kibanda ilikotoka, mtaa, mwaka unaokumbukwa na jina la msimulizi. Waliokuwa wakiendesha vibanda hivyo wanazeeka, na wengi wao wanaweza kumtambua msimulizi kwa sentensi moja tu. Wahojiwe sasa.

Na deki zinunuliwe mapema. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikizitengeneza, kiliacha Julai 2016. Zilizobaki ziko kwa mafundi redio wa Kariakoo, River Road na Mombasa, wanaozifungua ili kupata mota na vipuri vya kutengenezea vifaa vingine. Fundi mmoja mwenye deki tatu nzima na anayejua kusafisha vichwa vyake kwa spiriti ana thamani kubwa kwa kazi hii kuliko kamati, na alipwe kama mtaalamu.